Nimemaliza Tolkien, na sasa kila kitabu ninachopewa nakiacha njiani

Ndugu mshauri,

Pokea salamu. Nimekwama, na kila ninayemwomba msaada ananizidishia mkwamo.

Nilisoma The Lord of the Rings ya Tolkien, juzuu zote tatu, nikaipenda kupita kiasi. Nilichokipenda zaidi ni ile nusu ya pili ya The Two Towers, Frodo na Sam wanapoibeba pete kuelekea Mordor, nchi ya adui, wakiwa na Gollum, watatu peke yao. Vita vikubwa nilivipitia harakaharaka. Baadaye nikasoma The Martian ya Andy Weir kwa siku nne tu, nikawa nahesabu viazi pamoja na yule mwanaanga aliyeachwa peke yake Mirihi.

Tangu hapo mambo yameharibika. Wenzangu waliposikia nimempenda Tolkien wakanipa The Silmarillion. Nikaishia ukurasa wa 40. Wakanipa The Wheel of Time ya Robert Jordan. Nilikwenda nayo vizuri hadi juzuu ya 10, nikaiweka chini na sijaigusa tena. Waliposikia nimependa habari za anga wakanipa The Three-Body Problem ya Liu Cixin. Mafumbo yake yalinishika, lakini nilipofika nusu nikajikuta sijali nani anaishi na nani anakufa. Dune ya Frank Herbert nayo niliiacha mapema, maana kila ukurasa nilikuwa nakimbilia orodha ya maneno iliyo mwishoni.

Je, mimi ni mtu wa fantasia au wa bunilizi ya kisayansi? Nisome nini sasa, na kwa mpangilio gani? Nina saa moja kila usiku, kama kurasa 25 hivi. Kiingereza nakisoma bila shida, ila si kwa kasi, na kwa sasa kitabu cha kurasa 900 kinanitisha. Kama kipo cha Kiswahili kinachoingia humu nitafurahi. Na tafadhali niambie: mtu avumilie kitabu hadi ukurasa wa ngapi kabla ya kukiacha?

Msomaji aliyekwama

*

Ndugu msomaji,

Swali la kama wewe ni mtu wa fantasia au wa bunilizi ya kisayansi liweke kando, kwa sababu ndilo lililowapoteza wenzako. Wamekuchagulia vitabu kwa kuangalia vifaa vilivyomo: huku kuna panga na wachawi, kule kuna sayari na vyombo vya anga. Vifaa havikuwa vinakushika wewe. Soma tena ulichoandika: watu watatu peke yao njiani, na mtu mmoja anayehesabu viazi. Vitabu vyote viwili vinakuweka karibu na watu wachache sana, wana mzigo uliowazidi kimo, na kila siku wanapiga hesabu ya chakula, maji na hatua zilizobaki. Hicho ndicho unachokitafuta, na kimo katika fantasia na katika bunilizi ya kisayansi vilevile.

Ukishajua hilo, hata vilivyokushinda vinaeleweka. The Lord of the Rings ilitoka kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, lakini ndani imegawanywa vitabu sita, na kitabu cha nne, ambacho ndicho nusu uliyoipenda, hakitoki kwa Frodo na Sam hata mara moja. The Silmarillion ni kitu kingine kabisa. Ilichapishwa mwaka 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki, ikiwa imehaririwa na mwanawe Christopher, na imeandikwa kama tarikh: koo, nasaba, vizazi na vizazi vinapita katika aya moja. Aliyekupa alidhani ni mwendelezo. Ni kitabu cha kuja kukisoma siku utakapotamani kujua nyimbo wanazoimba njiani zinamhusu nani.

The Wheel of Time ina juzuu 14, na tatu za mwisho zilikamilishwa na Brandon Sanderson baada ya Jordan kufariki mwaka 2007. Kukwama kwako kwenye juzuu ya 10 kuna sababu ya wazi. Juzuu ya 9 inaishia kwa tukio kubwa sana, kisha sehemu kubwa ya juzuu ya 10 inarudi nyuma kutuonyesha watu wengine walikuwa wakifanya nini wakati tukio hilo likiendelea. Hadithi haisogei, na idadi ya wahusika imeshakuwa kubwa mno. Wasomaji wengi walioipenda kwa dhati walisimama palepale. Ukitaka kuimaliza siku moja, pitia juzuu hiyo kwa muhtasari uende ya 11, ambako mwendo unarudi. Lakini si sasa.

Kuhusu The Three-Body Problem, umejieleza vizuri kuliko ambavyo ningekueleza. Katika riwaya ile watu wapo kwa ajili ya kubeba wazo, na wazo ni kubwa na zuri kweli. Anayesoma kwa ajili ya wazo hawezi kukiweka chini.

Sasa tuingie kwenye vitabu vyenyewe.

Anza na A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Ni kama kurasa 200, kwa mwendo wako siku nane. Kijana Ged, kwa kiburi, anafungulia kivuli kisicho na jina, na kitabu kizima ni yeye na hicho kivuli, kisiwa kwa kisiwa, mashua kwa mashua. Uchawi humu unafanya kazi kwa majina: kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua ana nguvu juu yake. Wanafunzi wa uchawi wanapelekwa kwenye mnara wa upweke kukariri orodha za majina, na kila orodha sharti iingie kichwani kabla ya saa sita usiku, maana wino unafutika na karatasi inabaki tupu. Hapo utaona kwa nini nakipendekeza kwako: uwezo una gharama, na gharama inahesabika. Angalizo moja. Kinasimuliwa kwa umbali kidogo, kama mzee anayesimulia habari za shujaa wa kale, na mazungumzo ni machache. Sura mbili za kwanza zisome taratibu, ikiwezekana kwa sauti, ushike mapigo yake.

Ukikimaliza nenda moja kwa moja kwenye cha pili, The Tombs of Atuan. Watu wengi hukiacha kwa sababu wanamngoja Ged, na Ged haonekani hadi kitabu kimeshakwenda mbali. Usimngoje. Kitabu hiki ni cha Tenar, msichana aliyechukuliwa mdogo akafanywa kuhani wa miungu ya giza. Chini ya makaburi taa ni marufuku, kwa hiyo anajifunza mapango na njia za chini kwa mkono: vidole ukutani, anahesabu mianya, wa kwanza, wa pili, kata kushoto. Baadaye watu wawili wanabaki gizani na maji kidogo, na kila mmoja anamhitaji mwenzake ili atoke. Ni Frodo na Sam kwa sura nyingine.

Cha tatu, The Farthest Shore, soma ukitaka. Cha nne, Tehanu, kilitoka mwaka 1990, miaka 18 baada ya cha tatu, na kina mwendo tofauti kabisa: shamba, jikoni, mtoto aliyeunguzwa, watu wa makamo. Mimi nakiona ndicho kizito kuliko vyote vinne, lakini ukikisoma mfululizo na vile vya kwanza utadhani umekosea kitabu. Kipe miezi kadhaa.

Baada ya Tenar badilisha hewa kabisa. Nakupa Project Hail Mary, ya Weir yuleyule (2021), na nakusihi usisome maandishi ya jalada la nyuma wala usimwulize mtu habari zake. Mtu anaamka kwenye kitanda cha mashine, hajui jina lake wala alipo. Anahisi vitu vinaanguka kwa namna isiyo ya kawaida. Anachukua mkanda wa kupimia na saa, anaangusha kitu, anapima tena na tena, anapiga hesabu: mvuto ni mita 15 kwa sekunde mraba. Duniani ni 9.8. Basi hayuko Duniani, na amelijua hilo kwa mkanda na saa tu. Kitabu kizima kinakwenda hivyo, na katikati yake kuna urafiki ambao utaushangilia. Kina kurasa zinazokaribia 500, lakini kitakwenda kasi kuliko hesabu yako ya kurasa 25 kwa usiku. Udhaifu wake ni kwamba sura za kumbukumbu zinazorudi nyuma ni nyepesi kuliko zile za chomboni. Zisome hivyohivyo, zina kazi mwishoni.

Iwapo kurasa 500 bado zinakutisha, tanguliza All Systems Red ya Martha Wells (2017), kama kurasa 150. Msimulizi ni roboti mlinzi aliyevunja kwa siri kifaa kinachomtiisha, na angeweza kuua watu wote, lakini anachotaka ni kuachwa atazame tamthilia zake. Anapewa kikundi kidogo cha watafiti wa kulinda, na bila kutaka anaanza kuwajali. Mfululizo huu una mtego: wapo wanaoanza na Network Effect (2020) kwa sababu ndiyo riwaya ndefu ya kwanza humo, wakashindwa kuelewa kwa nini kukutana fulani kuna uzito. Kabla yake kuna vitabu vifupi vinne: All Systems Red, Artificial Condition, Rogue Protocol na Exit Strategy. Visome kwa mpangilio huo.

Halafu kuna kitabu ambacho nakuandalia njia yako yote hii kukifikia: The Left Hand of Darkness, cha Le Guin tena (1969). Mjumbe mmoja, Genly Ai, yuko peke yake kwenye sayari ya baridi kali ambako watu si wanaume wala wanawake, isipokuwa kwa siku chache kila mwezi. Sikukitanguliza kwa makusudi. Theluthi mbili za mwanzo ni siasa za nchi mbili, na katikati ya sura kuna ngano za kale na ripoti ambazo mwanzoni zinaonekana hazihusiani na chochote. Hapo ndipo watu hukiachia, kwa kawaida kabla ya sura ya 6. Usiruke zile ngano, ni fupi, na kila moja inakuachia neno au picha utakayoihitaji baadaye. Kuanzia sura ya 15 watu wawili wasioaminiana wanavuka barafu kwa mguu, wakivuta sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu. Mmoja wao anaandika shajara: leo maili ngapi, chakula kilichobaki, hema, jiko, upepo. Ulipenda viazi na ulipenda njia ya kwenda Mordor, humu vimekutana. Sijui kitabu kingine kinachokufaa zaidi ya hiki, na ndiyo maana sitaki ukifike ukiwa umechoka.

Vingine vya akiba navitaja kwa haraka. The Emperor's Soul ya Sanderson (2012) ni kifupi: mwanamke mmoja kifungoni, ana chini ya siku 100 za kughushi roho ya mfalme kwa mihuri anayoichonga mwenyewe, na kitu hakikubali mhuri kama aliyeuchonga hajaisoma historia yake sawasawa. Ndicho kipimo kizuri cha mwandishi huyu kabla hujaingia kwenye vitabu vyake vya kurasa 1,000. Binti ya Nnedi Okorafor (2015) haifiki kurasa 100: msichana wa Kihimba bingwa wa hisabati, peke yake chomboni kati ya maadui. Assassin's Apprentice ya Robin Hobb (1995) ni ya polepole na ya karibu sana na moyo wa mtu mmoja. Ikikushika una utatu kamili, 1995 hadi 1997, ila jiandae kuumia. The Fifth Season ya N. K. Jemisin (2015) ni kazi kubwa mno, juzuu ya kwanza kati ya tatu, na zote tatu zilipata Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na bunilizi ya kisayansi, miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Inafunguka kwa mama aliyekuta mtoto wake ameuawa, na sehemu yake moja inakusimulia wewe, "wewe unafanya hivi". Kisome wakati una nafasi moyoni.

Na hamu ya mawazo makubwa uliyoionja kwa Liu Cixin usiitupe. Itosheleze kwa hadithi fupi za Ted Chiang, Stories of Your Life and Others (2002). Hadithi ya kwanza inahusu mnara mrefu kiasi kwamba tofali linalopakiwa mkokoteni chini linachukua miezi 4 kufika juu. Ina kurasa chache, usiku mmoja na nusu, na wachimbaji wake ni watu unaowasikia wakipumua.

Kwa Kiswahili, nakupa Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Mtu aliyehukumiwa anapakiwa kwenye chombo na kurushwa angani, naye anatua kwenye sayari ambayo jina lake, ukilisoma polepole, ni "wale ni sisi". Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi inayoelea hewani, na wajumbe wake wanatumwa pande sita, Mbinguni na Ardhini zikiwemo. Nikwambie ukweli: vyote viwili ni istiari za utawala na haki kabla ya kuwa safari. Ukivisoma kwa kungoja nini kitatokea kesho utavikosea. Visome kwa kusikiliza hoja, na Kusadikika uisome pia kwa lugha yake.

Dune (1965) nayo usiifunge milele. Kilichokuangusha ni ile orodha ya maneno. Mwandishi alikusudia uingie ukiwa hujui, maana Paul, mhusika mkuu, naye anajifunza, na neno likikupita mara tatu maana yake inajifunua yenyewe. Halafu wewe una faida ambayo msomaji Mwingereza hana. Maneno mengi ya Frank Herbert yametoka Kiarabu, na Kiswahili kimechota kisima hichohicho. Muad'Dib limo "adabu" ndani yake, Shaitan hahitaji maelezo, na "gaib" katika Lisan al-Gaib ndiyo ghaibu unayoijua. Bandika karatasi juu ya ile orodha ukirudi kwake.

Kuhusu kuvumilia: sina imani na kanuni ya kurasa 50 kwa kila kitabu. Kitabu cha kurasa 150 kikikuchosha hadi ya 50 umeshampa mwandishi theluthi nzima, na cha kurasa 800 bado kinafungua milango. Nenda hadi robo, kisha funga kitabu ujiulize mambo mawili. Je, nawakumbuka watu kwa majina? Je, najali kitakachowapata? Kama huwakumbuki, mara nyingi tatizo ni usingizi au pengo la siku nyingi; andika majina sita makuu kwenye kipande cha karatasi, rudi sura moja nyuma, jaribu tena. Kama unawakumbuka wote na hujali, kiache bila kujilaumu.

Dibaji za fantasia nazo zina balaa lake. Mara nyingi zinahusu watu ambao hutawaona tena kwa kurasa 300. Ikikugomea, ruka uanze sura ya 1, kisha uirudie ukishafika katikati.

Mfululizo wowote usome kwa mpangilio uliochapishwa, hata pale kitabu cha baadaye kinaposimulia mambo ya zamani, kwa sababu mwandishi aliamini umeshajua siri za vile vya mwanzo. Na kabla ya kununua juzuu ya kwanza ulizia kama ya mwisho imetoka. A Song of Ice and Fire ya George R. R. Martin imesimama kwenye juzuu ya tano tangu 2011, na utatu wa Patrick Rothfuss ulioanza na The Name of the Wind umesimama kwenye ya pili tangu mwaka huohuo. Ni vitabu vizuri. Lakini wewe umetoka kwenye mfululizo ulioukatiza njiani, na sasa unahitaji kumaliza vitu.

Ukienda kuomba pendekezo kwa mwingine, usiseme "nampenda Tolkien". Sema hivi: "Nilipenda safari ya watatu katika The Two Towers kwa sababu ni watu wachache na mzigo mmoja, niliacha The Wheel of Time juzuu ya 10 kwa sababu wahusika walizidi na hadithi ilisimama. Nataka kisichozidi kurasa 400." Ile sehemu ya ulichokiacha ndiyo inayomsaidia mtu zaidi, na ndiyo watu husahau kuitaja.

Anza na Ged usiku wa leo. Na huko mbele, utakapofika sura ya 15 ya The Left Hand of Darkness, usiifungue ukiwa umebakiza nusu saa ya kulala. Ngoja siku ambayo kesho yake huamki mapema.